Maonyesho ya Picha ni Shule ya Mpiga Picha

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha yaisha pale anapobonyeza kitufe cha kamera. Sivyo. Picha inayolala sandukuni, au ndani ya simu, ni kama barua iliyoandikwa isipelekwe. Kazi yake yaanza siku inapotazamwa na watu. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuandika habari za maonyesho ya picha: jinsi yalivyoanza, yaliyowafundisha wapiga picha wa nchi mbalimbali, na faida tuwezayo kuipata sisi wanafunzi.

Jambo nitakalolishikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni hili. Picha iliyotundikwa ukutani haisemi peke yake. Husemeshwa na mtu aliyeichagua, aliyeiweka karibu na picha nyingine, na aliyeiandikia maneno chini yake. Basi mpiga picha apendaye ukweli sharti ajifunze kutundika kama alivyojifunza kupiga, na sharti amkumbuke yule aliyemo ndani ya picha.

PICHA ZA USHUHUDA

Ziko picha za namna nyingi. Ziko za pasipoti, ziko za arusi, ziko za kuuzia sabuni. Lakini ziko na nyingine zipigwazo ili kuonyesha maisha ya watu kama yalivyo: kazi zao, nyumba zao, shida zao na furaha zao. Hizo nitaziita picha za ushuhuda, kwa kuwa mpigaji wake ni kama shahidi mbele ya hakimu. Yampasa aseme aliyoyaona, asiongeze wala asipunguze.

Lakini shahidi asiye na wa kumsikiliza, ushahidi wake una faida gani? Maonyesho ndiyo baraza lake. Mtu akisoma gazeti hufunua ukurasa akapita. Ukutani ni mbali. Hapo mtu husimama, husogea karibu, hurudi nyuma, na pengine hutazama bega kwa bega na mtu asiyemjua, wakaanza kuzungumza juu ya kile wanachokiona. Mpiga picha mwenye akili akisimama pembeni akiwasikiliza watazamaji wake, hujifunza mengi ambayo hakuna kitabu kiwezacho kumfundisha.

TAA NA KITAMBAA CHEUPE

Maonyesho yaliyotikisa dunia hayakuanza katika majumba makubwa. Nitatoa mfano wa Kongo. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi ya Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wenyeji walilazimishwa kugema mpira msituni, na wasipotimiza kiasi walichoagizwa waliadhibiwa kwa ukatili mkubwa. Habari hizo zilifika Ulaya, lakini wakubwa walizikana, wakasema ni uzushi.

Huko Baringa alikuwako mwanamke mmisionari wa Kiingereza, Bibi Alice Seeley Harris, aliyekuwa na kamera. Mwezi wa Mei mwaka wa 1904 alikuja kwake mtu mmoja aitwaye Nsala, amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Harris alimpiga picha ameketi ukingoni mwa baraza, akivitazama viungo vile vilivyowekwa mbele yake. Katika picha hiyo hakuna anayelia wala anayepiga kelele, na kwa ajili ya utulivu huo ni vigumu kuitazama kwa muda mrefu.

Yeye na mumewe walirudi Uingereza wakazunguka miji mingi, huko na Marekani. Picha zao zilikuwa za kioo, zikimulikwa kwa taa zikaonekana kubwa juu ya kitambaa cheupe, huku msemaji akieleza. Watu waliokuwa hawajapata kuiona Afrika waliketi gizani wakamtazama Nsala. Tangu hapo ilikuwa vigumu kukana. Pamoja na juhudi za watu wengine wengi, maonyesho hayo yaliamsha hasira ya watu, na mwaka wa 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Dhuluma haikuisha siku hiyo, maana ukoloni uliendelea hadi 1960. Lakini tawala ile ya mtu mmoja ilikoma.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Picha ile ingebaki Baringa, isingemsaidia mtu yeyote. Kupiga kulichukua dakika chache. Kuonyesha kulichukua miaka.

ONYESHO HUZAA ONYESHO

Sasa twende Marekani, tuone jinsi onyesho moja linavyoweza kumwamsha mtu akatengeneza jingine.

Katika miaka ya 1930 nchi ile ilipatwa na umaskini mkubwa. Wakulima wengi walipoteza mashamba yao, wakawa watu wa kutangatanga wakitafuta vibarua. Tangu mwaka wa 1935 serikali iliwatuma wapiga picha kwenda kuwatazama. Mmoja wao alikuwa Bibi Dorothea Lange. Mwaka wa 1936, mahali paitwapo Nipomo katika jimbo la California, alimpiga picha mama mmoja ameketi chini ya hema, mkono shavuni, watoto wake wamemwegemea na kuficha nyuso zao. Picha hiyo ilipata kuwa mojawapo ya picha zijulikanazo zaidi duniani.

Mwaka wa 1938 palifanyika maonyesho makubwa ya picha mjini New York, na picha za wapiga picha hao wa serikali zilipewa sehemu yake. Watazamaji walipewa kadi waandike maoni yao, wakaandika mamia. Wengine walisikitika, wengine walikasirika, wengine walitaka kujua la kufanya. Miongoni mwa waliofika alikuwako Bwana Edward Steichen, aliyezaliwa Luxembourg mwaka wa 1879, mpiga picha mashuhuri aliyekuwa amepata fedha nyingi kwa kupiga picha za mavazi na za watu wakubwa. Picha zile za wakulima zilimgusa sana, akaandika akizisifu.

Miaka 17 baadaye, Januari 1955, Bwana Steichen alifungua onyesho lake mwenyewe katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Aliliita The Family of Man, yaani Jamaa ya Wanadamu. Yeye na wasaidizi wake walikuwa wamepepeta picha kwa mamilioni, kama mtu apepetavyo mchele, hata zikabaki 503 tu, zilizopigwa na watu 273 kutoka nchi 68. Onyesho lilizungushwa katika nchi nyingi kwa miaka kadhaa, na watu zaidi ya milioni 9 walilitazama. Hata Johannesburg lilifika, mwaka wa 1958, wakati wa siasa za ubaguzi. Leo picha hizo zimo katika ngome ya Clervaux, nchini Luxembourg, na mwaka wa 2003 UNESCO iliziingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

JINSI ZILIVYOTUNDIKWA

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aliyeingia katika onyesho lile aliona picha zikielea, lakini kila kitu kilikuwa kimepangwa.

Kwanza, picha hazikuwa za ukubwa mmoja. Nyingine zilikuwa ndogo hata mtu akalazimika kusogea, nyingine zilikuwa kubwa kama ukuta. Hazikutiwa katika fremu. Nyingine zilitundikwa kutoka darini, nyingine zilisimamishwa juu ya nguzo, na watu wakapita kati yake.

Pili, zilipangwa kwa mambo ya maisha wala si kwa nchi: mapenzi, ndoa, kuzaliwa, michezo, kazi, chakula, nyimbo, msiba. Picha za watoto wachezao kwa kushikana mikono katika duara, kutoka nchi mbalimbali, ziliwekwa nazo katika duara. Mtazamaji alielewa bila kuambiwa neno.

Tatu, kimya na giza vilitumika. Karibu picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha mtu aliingia katika chumba cha giza, akakuta picha moja kubwa ya rangi: mlipuko wa bomu la haidrojeni. Baada ya kutazama harusi na watoto na mavuno, ndipo alipoonyeshwa kitu kiwezacho kuvimaliza vyote. Picha ya bomu peke yake ni picha ya wingu tu. Majirani zake ndio walioifanya itishe.

Fundisho la pili basi ni hili: picha mbili zikiwekwa pamoja husema neno la tatu. Weka picha ya mvuvi akivuta wavu karibu na picha ya bahari shwari, itasema juu ya riziki. Ondoa bahari, weka mezani kwa tajiri pana samaki aliyekaangwa, picha ile ile ya mvuvi itasema juu ya haki. Mvuvi hakubadilika, jirani yake ndiye aliyebadilika.

WALIOLALAMIKA

Si watu wote waliolisifu onyesho lile, na wale waliolalamika watufundisha kama wale waliosifu.

Mwandishi wa Kifaransa, Roland Barthes, alilitazama Paris, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1957 alisema kwamba si kitu kuonyesha kuwa watu wote huzaliwa, hufanya kazi na kufa. Lililo muhimu ni namna wanavyozaliwa na namna wanavyofanya kazi. Kwani mmoja hufanya kazi akapata faida, na mwingine hufanya kazi faida ikaliwa na mwenziwe. Picha zile ziliandikwa jina la mpigaji na nchi, lakini hazikuelezwa habari zake. Mtazamaji aliona njaa, asijue imeletwa na nini.

Tena, picha moja iliyomwonyesha mtu mweusi wa Marekani aliyeuawa na genge, amefungwa kwenye mti, iliondolewa mapema baada ya onyesho kufunguliwa New York. Bwana Steichen aliona kwamba inawasimamisha watu mno na kuvunja mwendo wa onyesho. Mimi nauliza: je, si picha nyingine zapaswa kumsimamisha mtu? Kile kiondolewacho ukutani nacho kina sauti yake.

Mwaka wa 1959 onyesho lilipokuwa Moscow, Mnigeria mmoja aliziharibu picha kadhaa. Alieleza kwamba Wazungu wameonyeshwa kama watu wa heshima na maendeleo, na Waafrika wameonyeshwa nusu uchi kama watu wa chini. Simsifu kwa kuharibu mali ya watu. Lakini hasira yake naielewa, na nadhani kila mwanafunzi wa shule hii aielewa.

Nasema hivyo kwa sababu walipata kuja wageni hapa shuleni, siku ya Jumamosi, wakati wa usafi. Mmoja wao alimpiga picha mwenzetu wa kidato cha pili amebeba ndoo ya maji kichwani. Baadaye tuliiona picha hiyo katika kalenda, na chini yake yameandikwa maneno kwamba watoto wa hapa hutembea mwendo mrefu kutafuta maji kabla ya masomo. Bomba lilikuwa hatua kumi nyuma ya mpiga picha. Ndoo ilikuwa ya kweli, maji yalikuwa ya kweli, na mtoto alikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa katika maneno na katika kile kilichoachwa nje. Mwenzetu alitaniwa muhula mzima. Hakuna aliyemwuliza jina lake, wala kumwomba ruhusa.

JINA LA MTU

Jambo hili la jina si dogo. Yule mama wa Nipomo alitazamwa na mamilioni, na picha yake ilikuwamo hata katika Jamaa ya Wanadamu. Lakini Bibi Lange mwenyewe aliandika, mwaka wa 1960, kwamba hakumwuliza jina lake. Dunia ilikuja kulijua mwaka wa 1978 tu, miaka 42 baada ya picha kupigwa. Aliitwa Florence Owens Thompson. Wakati huo alikuwa mzee, naye alisema wazi kwamba picha ile haikumletea faida, na kwamba alitamani isingalipigwa.

Mpiga picha naye aweza kupotezewa jina. Mwaka wa 1991 palikuwa na maonyesho ya sanaa za Afrika mjini New York, na humo zilitundikwa picha nzuri za watu wa Bamako, nchini Mali, bila jina la mpigaji. Ikaandikwa kwamba hajulikani. Kumbe mpigaji, Bwana Seydou Keïta, alikuwa hai, yuko kwake Bamako, na majirani zake wote walimjua! Alitafutwa akapatikana, na tangu hapo jina lake likaheshimiwa duniani mpaka alipofariki mwaka wa 2001.

Fundisho la tatu: andika jina la aliyepigwa, akikubali, na jina la aliyepiga. Picha isiyo na jina humgeuza mtu kuwa kitu.

KUTA ZETU WENYEWE

Mtu aweza kusema: haya ni mambo ya wenye majumba makubwa. Nami najibu: hapana. Mwaka ule ule wa 1955, Bwana Roy DeCarava, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem na ambaye picha zake zilikuwamo katika onyesho la Steichen, alifungua ukumbi mdogo wa picha ndani ya nyumba aliyokuwa akikaa, New York. Alionyesha kazi za wenzake watazamwe kwa heshima, ijapokuwa ukumbi ulidumu kwa muda wa miaka miwili tu.

Na Afrika nako kuta zimejengwa. Tangu mwaka wa 1994 wapiga picha wa bara letu wamekuwa wakikutana katika maonyesho ya Bamako. Huko Lubumbashi, Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na nyumbani, Bwana Sammy Baloji na wenzake walianzisha maonyesho mwaka wa 2008, na chama chao wakakiita kwa neno letu: Picha. Bwana Baloji huchukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, waliopigwa wakati wa ukoloni, akaziweka juu ya picha mpya za migodi ile ile iliyochakaa. Mtazamaji huona jana na leo mahali pamoja, akauliza mali ilikwenda wapi.

Mwaka wa 2014 picha zake zilionyeshwa mjini London pamoja na zile za Bibi Harris. Fikirini jambo hilo. Miaka mia moja na zaidi baada ya Nsala kuketi barazani, mtoto wa Kongo aliweka kazi yake karibu na picha ile. Safari hii Kongo haikutazamwa tu, nayo ilitazama.

SISI TUFANYE NINI?

Nimekwisha kuomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, naye amekubali, kwamba muhula ujao chama chetu cha picha kitundike onyesho katika bwalo la chakula. Habari yake itakuwa "Kazi za Mikono Shuleni": wapishi, mlinzi, fundi seremala, mtunza bustani, na wanafunzi wa zamu. Hatuhitaji kamera za thamani. Simu moja na mahali pa kuchapishia picha mjini vyatosha. Wapendao kushiriki na wazishike kanuni hizi:

1. Omba ruhusa kabla ya kupiga, na mwonyeshe mtu picha yake kabla ya kuitundika. Akikataa, isitundikwe, hata ikiwa nzuri namna gani.

2. Usichague picha peke yako. Zitandaze zote mezani, waite wenzako wawili, mpunguze mpaka zibaki chache. Picha 12 zilizochaguliwa vema ni bora kuliko 60 zilizorundikwa.

3. Zitundike usawa wa macho ya mtu asimamaye, mahali pasipopigwa na jua, maana jua hula rangi.

4. Jiulize kila picha ina jirani gani, na wawili hao wasema nini pamoja. Ukiona wasema jambo lisilo kweli, watenganishe.

5. Chini ya kila picha andika: nani, wapi, lini, anafanya nini, na nani aliyepiga. Usiandike "mpishi", andika jina lake, na miaka aliyotupikia, kama yeye aridhia. Kabla ya kubandika maneno hayo, msomee.

6. Weka daftari na kalamu mlangoni, ili watazamaji waandike maoni yao, kama walivyofanya New York mwaka wa 1938. Na wa kwanza kualikwa wawe wale waliomo katika picha.

Wazazi watakaokuja siku ya kufunga shule wanakaribishwa bwaloni. Wakimkuta mama yetu wa jikoni amesimama mbele ya picha yake, na wamwulize yeye kama picha yasema kweli. Jibu lake ndilo litakalotuambia kama tumefaulu.